Sheria zisizoandikwa za StarCraft, na zile zinazofichwa

*Kila mchezo wa mikakati wa kompyuta una sheria zilizomo kwenye kitabu chake na nyingine ambazo wachezaji wamezigundua wenyewe. Kwa miaka mingi mjadala umekuwa kama zirekebishwe au ziachwe. Makala haya yanasema mjadala huo ulianza na swali lisilo lake.*

Mutalisk 11, viumbe warukao wa mchezo wa StarCraft, wanaruka kuelekea kambi ya adui, lakini kwenye skrini huwaoni 11. Unamwona mmoja tu, mzito kupita kawaida, mabawa yake yakipishana kivuli juu ya kivuli. Wanafika juu ya vibarua wanaochimba madini, wanatema kwa mpigo mmoja, wanageuka. Pigo la Mutalisk mmoja ni pointi 9. La hao 11 walioshikamana ni 99, na kibarua aliyelengwa ana uhai wa pointi 60 tu. Mnara wa ulinzi unarusha kombora la kwanza, na kabla la pili halijatoka kundi zima limeshatokomea, litarudi baada ya sekunde chache kumfuata kibarua mwingine.

Siri iko mahali ambapo hakuna anayepigana. Katika StarCraft mchezaji anaweza kushika vikosi 12 kwa wakati mmoja, hazidishi. Huyu ameshika Mutalisk 11, na nafasi ya kumi na mbili amempa Overlord, kiumbe mwendapole ambaye amemwacha mbali kwenye pembe ya ramani. Kwa kawaida programu hujaribu kulinda mpangilio wa kundi linaposogea, kila mmoja akibaki na nafasi yake. Lakini ikiona mwanakundi mmoja yuko mbali mno na wenzake, inaacha kupanga na kumwamuru kila mmoja aende kwenye nukta ileile iliyobofywa. Na kwa kuwa viumbe warukao hawagongani hewani, wote 11 wanatua juu ya nukta moja. Kitabu cha maelekezo hakina ukurasa unaoeleza jambo hili. Hakuna aliyelipanga. Hata hivyo, lilibadili namna mashindano makubwa ya mchezo huu yalivyochezwa.

Njia iliyoziba

StarCraft ilitolewa na kampuni ya Marekani ya Blizzard mwezi Machi 1998, na nyongeza yake, Brood War, ikafuata kabla mwaka haujaisha. Ni vita visivyosubiri zamu. Wachezaji wawili wanachimba madini, wanajenga kambi, wanaunda majeshi na kushambuliana, yote kwa wakati mmoja, na anayezubaa anakuta kambi imeshaungua. Korea Kusini iliupokea mchezo huu kuliko nchi nyingine yoyote: ligi zake zilirushwa kwenye televisheni, vijana wakaajiriwa kuucheza, na mwaka 2000 kikaundwa chombo cha kusimamia mashindano, KeSPA. Panapokuwa na mishahara na mataji, watu huuchunguza mchezo kwa jicho ambalo watengenezaji wake hawakuwahi kuwa nalo, na ndiyo maana StarCraft ndiyo shule bora kwa anayetaka kujua sheria zisizoandikwa hutoka wapi.

Patrick Wyatt, mmoja wa waandika programu waliofanya kazi hiyo Blizzard, amesimulia hadharani chanzo cha sheria mojawapo. Mchezo ulianza kujengwa juu ya msingi wa mchezo wao wa awali, Warcraft, ambao uliigawa ardhi katika vigae vya mraba. Katikati ya safari picha zikabadilishwa ili ardhi ionekane kwa mshazari, lakini chini ya picha vile vigae vya mraba vilibaki, vikakatwakatwa vidogo zaidi ili kufuata kingo zilizolala upande. Kazi ya kila askari kutafuta njia ikawa ngumu mara nyingi zaidi. Walioumia kuliko wote ni vibarua: kundi moja linakwenda kwenye madini, jingine linarudi na mzigo, wanakutana katikati kwenye ujia mwembamba, wanakwama kama daladala kwenye barabara ya njia moja. Muda wa kuandika upya sehemu hiyo haukuwepo, mchezo ulitakiwa kutoka. Dawa iliyopatikana ilikuwa fupi: kibarua aliye safarini kuchimba au kurudisha madini asimgonge mtu. Apite tu, hata kama mbele yake pamesimama mwenzake.

Msongamano ukaisha. Lakini mashine haikuambiwa kwamba ruhusa hiyo ni ya nyumbani tu. Kibarua aliyetumwa kuchunguza kambi ya adui, akizungukwa na askari pande zote, anabofyiwa rundo la madini lililo upande wa pili wa ramani. Hapohapo miili ya askari wale haimzuii tena, anapita katikati yao. Vibarua wanane waliozibiwa mlango wa kambi hupenya ukuta wa askari kwa kuagizwa wakachimbe kitu kilicho nyuma ya ukuta huo, kisha katikati ya safari wanaamriwa kugeuka na kupigana. Kilichokuwa tiba ya foleni kimekuwa silaha, na leo ni moja ya mambo ya mwanzo ambayo mchezaji wa mashindano hufundishwa.

Ipo na nyingine, isiyoonekana kwa macho. Askari anayerusha risasi akiwa bondeni kumlenga aliye juu ya kilima hapati kila mara. Programu inachagua namba moja kati ya 256, na 136 kati ya hizo ndizo zinazompa shabaha, yaani asilimia 53.125. Hata kwenye ardhi tambarare, namba moja kati ya hizo 256 ni ya kukosa. Hesabu ya ajabu namna hii haikutokana na falsafa yoyote ya vita. Imetokana na baiti moja ya kompyuta, ambayo uwezo wake ni namba 256, kuanzia 0 hadi 255.

> *Kilichokuwa tiba ya foleni kimekuwa silaha.*

Rekebisha, acha

Kuhusu mambo ya aina hii kuna kambi mbili, na zote zina watu wenye akili. Ya kwanza inasema mchezo ni mkataba. Aliyeununua alipewa kitabu na mafunzo ya mwanzo, akaambiwa hizi ndizo sheria. Akifika uwanjani akakuta mwenzake anashinda kwa kitu ambacho hata aliyeutengeneza hakukikusudia, ana haki ya kulalamika. Kasoro ni kasoro, hata ikiwa imezoeleka. Kwa mtazamo huu, kazi ya mtengenezaji ni kuifuta kila anapoiona, na kila mwaka anaoiacha ni mwaka wa kuwadhulumu wageni.

Kambi ya pili inajibu kwamba kusudi la mtengenezaji si kitu. Mchezo ni kile ambacho mashine inafanya, na wachezaji waliotumia miaka kujifunza jinsi mashine inavyofanya hawakuiba chochote. Ukiwaondolea wale Mutalisk wanaoshikamana, humwondolei mtu mmoja hila yake, unaondoa ustadi wa kizazi kizima. Isitoshe, wanasema, hila ile ina adhabu yake ndani. Kundi lililoshikamana kwenye nukta moja ni shabaha nono kwa silaha yenye mlipuko unaosambaa: ndege za Corsair au Valkyrie zikilipata, pigo lililokusudiwa kwa mmoja linawafikia wote. Kwa hiyo anayeitumia anajiweka hatarini, na anayeikabili ana jibu.

Historia ya Blizzard yenyewe inaipa nguvu kambi ya pili, lakini si kwa sababu ambayo wafuasi wake huitaja. Mwaka 2010 kampuni ilitoa StarCraft II, ikiwa na nafasi ya kuanza upya. Kikomo cha vikosi 12 kikaondolewa. Kutafuta njia kukawa laini kama maji. Bahati nasibu ya kilimani ikafutwa: ukikiona kilicho juu unakipiga, usipokiona hukipigi. Na katika mchezo huohuo uliosafishwa, wachezaji wakagundua haraka kwamba warukao wakitawanywa na kuelekezwa kwenye nukta iliyo nje ya eneo walilotanda, wanahifadhi nafasi zao na kuruka wakiwa wametawanyika hivyohivyo. Thor, mashine kubwa ambayo makombora yake yalisambaza madhara kwa warukao walio karibukaribu, ikajikuta inampiga mmoja mmoja. Awali hila ilikuwa kuwashikamanisha Mutalisk, sasa ikawa kuwatenganisha. Sheria zilibadilika, Mutalisk walewale wakapata siri mpya.

Hapo ndipo ninapoachana na kambi ya kwanza. Inachukulia kwamba tabia zisizotarajiwa ni uchafu juu ya mchezo safi, kwamba ukipangusa vya kutosha utafika kwenye sheria tupu. Hakuna sheria tupu. Kila amri inayoandikwa kwenye mashine inakutana na amri nyingine ambazo mwandishi wake hakuwa akizifikiria, na katika makutano hayo hutoka jambo la tatu. Mchezo wenye vikosi vya aina nyingi na maelfu ya hali zinazoweza kutokea utakuwa na mambo hayo daima, hata ukiandikwa na watu makini kiasi gani.

Lakini na kambi ya pili siwezi kuifuata hadi mwisho. Ikiwa mchezo ni kile tu ambacho mashine inafanya, basi hatuna neno la kusema mashine inapomdanganya mchezaji. Na mashine hudanganya.

Bao halina kitabu

Tuchukue mchezo wa mikakati ambao pwani yetu imeucheza kwa vizazi bila kompyuta. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, manane katika kila safu kwa safu nne, na kete 64. Kila mchezaji anaanza na kete 10 ubaoni, sita kati yake zikiwa ndani ya nyumba, na 22 mkononi. Kuna hatua ya kunamua na hatua ya mtaji, kuna masharti ya nyumba, kuna masharti ya kutakata, na kuna ile sheria ya kutakasia ambayo hata wachezaji wa siku nyingi huisimamisha mechi kuijadili. Hayo yote yamefika kwetu kwa mdomo na kwa macho, barazani, kijana akikaa nyuma ya mzee hadi aelewe kwa nini kete ile haikusogezwa. Hakuna anayesema bao ni la udanganyifu kwa sababu halikuja na kitabu.

Kwa nini? Kwa sababu kete zote ziko ubaoni. Sheria haikuandikwa, lakini matokeo yake yanaonekana na wote wawili, na asiyeijua anaweza kuiona ikifanya kazi, akauliza, akajaribu, akaijua. Hapa ndipo ninapoweka mstari. Kisichoandikwa ni kitu kimoja, kilichofichwa ni kingine. Swali la kuuliza juu ya tabia yoyote ya mchezo si kama mtengenezaji aliikusudia. Ni kama mchezaji anayeangalia vizuri anaweza kuijua kwa kucheza, na kama mchezo wenyewe haumwambii kinyume chake.

> *Swali si kama mtengenezaji alikusudia. Swali ni kama mchezaji anaweza kuijua kwa kucheza.*

Pima StarCraft kwa kipimo hicho. Kibarua anayepenya askari anaonekana akipenya. Aliyepigwa hivyo jana atajaribu mwenyewe leo. Mutalisk walioshikamana wanaonekana wameshikamana. Risasi zinazopotea kilimani ni fumbo kubwa zaidi, lakini mchezo haukuahidi namba yoyote, na anayepoteza mapambano kumi ya kupanda mlima hujifunza kutopigana akiwa chini bila kujua hiyo 53.125. Zote zinapita.

Kipimo hicho hicho kinazikataa nyingine. Valkyrie, ndege ya makombora mengi, wakati mwingine huacha kufyatua katikati ya vita vikubwa kwa sababu programu imefikia kikomo cha picha inazoweza kushika kwa wakati mmoja. Rubani yuko hai, adui yuko mbele, makombora hayatoki. Mchezaji hana anachoweza kusoma kwenye skrini kikamweleza hivyo, na alichofanya jana kikafaulu leo kinagoma. Hiyo ni hitilafu tupu na haistahili kutetewa. Vilevile ile hila ya mabomu ya ardhini: mchezaji anamweka adui yake kuwa mshirika kwenye menyu, mabomu yanalala kimya huku jeshi la adui likitembea juu yake, kisha urafiki unavunjwa na yote yanaamka kwa pamoja. Mashindano yaliipiga marufuku, na yalifanya vyema, maana aliyepita juu ya mabomu yale hakuwa na dalili hata moja ya kuisoma. Waliokataza hawakuuliza Blizzard ilikusudia nini. Vibarua wanaopenya hawakukusudiwa wala mabomu hayakukusudiwa, lakini wa kwanza waliruhusiwa na ya pili yakakataliwa.

Asilimia 75 ambayo si 75

Sasa njoo upande wa pili, ambako hakuna ajali. Mwaka 2002 Nintendo ilitoa The Binding Blade, mchezo wa mikakati wa zamu wa mfululizo wa Fire Emblem. Kabla ya kila pambano skrini inamwonyesha mchezaji nafasi ya askari wake kupata shabaha, na namba hiyo ndiyo moyo wa mchezo, maana katika mchezo huo askari akifa hafufuki. Mchezaji anapima: nimtume huyu au nimrudishe nyuma?

Skrini ikisema 75, mtu yeyote ataelewa kwamba katika mashambulizi 100 ategemee kupata 75. Si hivyo. Badala ya kuvuta namba moja kati ya 0 na 99, programu inavuta mbili na kuchukua wastani wake. Anayerusha dadu mbili anajua kwamba jumla ya 7 huja mara nyingi kuliko 12, na wastani wa namba mbili nao hukimbilia katikati. Matokeo yake, 75 ya kwenye skrini ni 87.75 kwa kweli. Tisini ni 98.1. Upande wa chini mambo yanageuka: 25 iliyoandikwa ni 12.75, na 10 ni 2.1. Nafasi nzuri zinanenepeshwa, mbaya zinakondeshwa, na hakuna mahali popote kwenye skrini panaposema hivyo.

Mtu atauliza hasara iko wapi, ikiwa hesabu hiyo inamwinua mchezaji. Chukua askari wawili. Wa kwanza ana shoka zito: likimpata adui linaondoa pointi 30, lakini skrini inampa nafasi ya asilimia 40. Wa pili ana upanga unaoondoa 15, na nafasi yake ni 80. Anayeamini skrini atazidisha na kukuta wote wawili wana thamani sawa, pointi 12 kwa kila shambulio. Kwa hesabu ya ndani, 40 ni 32.4 na 80 ni 92.2. Shoka linabaki na thamani ya 9.72, upanga unapanda hadi 13.83. Mchezo umemwambia mchezaji kwamba chaguo mbili ni sawa, na haziko sawa hata kidogo. Huo si upole kwa mchezaji. Ni kumpa mizani iliyochezewa kisha kumsifu kwa kupima vizuri. Na katika mchezo wa mikakati, kupima ndiyo kazi yenyewe.

> *Ni kumpa mchezaji mizani iliyochezewa kisha kumsifu kwa kupima vizuri.*

Fire Emblem haiko peke yake. Katika XCOM 2 ya mwaka 2016, iliyotengenezwa na Firaxis, ngazi nyepesi za mchezo humwongezea mchezaji nafasi kimyakimya, hasa baada ya askari wake kukosa mfululizo, huku namba ya skrini ikibaki vilevile. Anayekwenda kwenye ngazi ngumu kabisa, ambako msaada huo haupo, anakutana kwa mara ya kwanza na asilimia 85 ya kweli. Anaona mashine inamwonea, kumbe ndiyo kwanza imeacha kumbeba.

Hoja ya Sid Meier

Utetezi wenye uzito kuliko wote umetolewa na mtu anayestahili kusikilizwa. Sid Meier, muasisi wa mchezo wa mikakati wa Civilization, alieleza mwaka 2010 katika mkutano wa watengenezaji wa michezo San Francisco jinsi wachezaji wa majaribio walivyopokea hesabu za kweli. Ukiwaonyesha kwamba nguvu zao ni tatu kwa moja, wakashindwa, wanalalamika kwamba mchezo umeharibika. Lakini wakiwa wao ndio moja na adui ni tatu, wakishinda, hawalalamiki. Mbili kwa moja wako tayari kushindwa mara chache. Ishirini kwa kumi, ambayo ni hesabu ileile, hawako tayari. Wakishindwa mara mbili mfululizo wanakasirika. Basi akaurekebisha mchezo ufuate hisia za wachezaji badala ya hesabu. Binadamu, hoja inasema, hana tumbo la kumeng'enya bahati nasibu ya kweli, na mchezo umewekwa kwa ajili ya binadamu.

Nakubali nusu ya hoja hiyo, na ni nusu kubwa. Mtengenezaji ana haki kamili ya kuamua kwamba mwenye nguvu tatu kwa moja ashinde siku zote. Ni mchezo wake, na huenda ni mchezo bora hivyo. Lakini akishaamua, aandike kwamba tatu kwa moja ni ushindi. Hisia za mchezaji zinadai sheria ibadilishwe, hazidai namba ya uongo. Ikiwa askari aliyekosa mara mbili anaongezewa nafasi, skrini ionyeshe nafasi iliyoongezeka, na mchezaji atafurahi zaidi kuiona ikipanda. Ikiwa ngazi nyepesi ina msaada, iitwe ngazi ya msaada. Hakuna furaha ambayo Meier alitaka kuilinda itakayopotea kwa kusema kweli.

Wengine watasema kwamba kuandika kila kitu kunaua mvuto, kwamba mchezo usio na siri unachosha. Jibu liko kwenye Civilization VI, na linatuhusu. Zanzibar imo humo kama mji-dola, na kadi yake inaeleza waziwazi kwamba atakayekuwa mlezi wake anapata karafuu na mdalasini, bidhaa ambazo hazipatikani kwa njia nyingine yoyote katika mchezo, kila moja ikileta pointi 6 za starehe. Hakuna kilichofichwa hapo. Na bado wachezaji wanagombania Zanzibar, wanatuma wajumbe, wanazidiana kete, kwa sababu kujua thamani ya kitu ndiko kunakoanzisha shindano juu yake.

Pingamizi linalonisumbua kweli ni la mgeni. Kipimo changu kinasema tabia iachwe kama inaweza kujulikana kwa kucheza. Lakini kwa kucheza kiasi gani? Kijana anayelipia saa moja kwenye kibanda cha gemu hana miaka ya kugundua kwamba Overlord wa mbali anawashikamanisha Mutalisk. Mwenye intaneti ya siku nzima atayakuta yote yameshakusanywa na wapenzi wa mchezo, yamepangwa, yana picha. Asiye nayo atapigwa bila kujua amepigwa na nini. Hili ni kweli, na kuiacha tabia bila maelezo kunampa aliye nacho zaidi. Ndiyo maana kuacha pekee hakutoshi. Mtengenezaji akishaamua kwamba vibarua wataendelea kupenya, aya moja katika maelekezo ya toleo linalofuata inamgharimu mchana mmoja wa kazi. Wapenzi wa mchezo wamekuwa wakiifanya kazi hiyo bure kwa zaidi ya miaka 20.

Gandhi wa kubuni

Pasipoandikwa sheria, uvumi huziba pengo. Kwa muda mrefu wachezaji wa Civilization waliamini hadithi moja kuhusu toleo la kwanza la mwaka 1991. Gandhi, ilisemwa, alipewa ukali wa kiwango cha 1, cha chini kuliko wote. India ikipokea demokrasia, kiwango kinapunguzwa 2. Kwa kuwa baiti haina namba chini ya sifuri, hesabu inazunguka hadi 255, na mtu wa amani anaanza kurusha mabomu ya nyuklia. Hadithi ilivutia kwa sababu kila kipande chake kingeweza kuwa kweli. Baiti ina namba 256 kweli, kama tulivyoona kwenye kilima cha StarCraft, na hesabu huzunguka kweli katika programu nyingi.

Haikutokea. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2020, Meier aliikana moja kwa moja. Brian Reynolds, aliyeongoza utengenezaji wa Civilization II, alisema ukali ulikuwa na viwango vitatu tu, na Gandhi alikuwa kwenye kile cha chini pamoja na karibu theluthi ya viongozi wote. Kabla ya ukweli huo kujulikana, hadithi ilikuwa imeshasambaa kama sheria. Kilichoitia nguvu ni kwamba katika Civilization V, ya mwaka 2010, Gandhi alipewa kwa makusudi kiwango cha 12 cha kupenda nyuklia, kwenye kipimo ambacho kwa kawaida kinaishia 10. Aliyefungua mafaili ya mchezo huo aliikuta namba hiyo, akaona amepata ushahidi wa kisa cha mwaka 1991.

Ardhi badala ya sheria

StarCraft yenyewe ilifika kwenye suluhisho ambalo halikupangwa na yeyote. Toleo la mwisho lililogusa nguvu za vikosi lilitoka mwaka 2001. Toleo 1.16.1 la Januari 2009 lilibaki bila mrithi hadi mwaka 2017. Katika miaka yote hiyo sheria hazikusogea, zilizoandikwa na zisizoandikwa. Waliosogea ni wachora ramani wa Korea Kusini. Mutalisk wakizidi nguvu, ramani inayofuata inapunguza nafasi tupu nyuma ya madini, mahali walipozoea kuvizia. Kilima kikimpa mlinzi faida kubwa mno, mteremko unapanuliwa. Njia zikazibwa kwa virundo vya madini vyenye akiba kidogo, vinavyoweza kuchimbwa hadi viishe na kufungua mlango, na mahali pengine rundo likawekwa upande wa pili wa kizuizi kusudi kibarua apate cha kubofyiwa na kupenya. Mchora ramani aliyefanya hivyo alikuwa ameichukua tabia ya foleni ya mwaka 1998 na kuitumia kama sheria, mbele ya macho ya wote.

Agosti 2017 Blizzard ilipotoa StarCraft: Remastered, picha zilichorwa upya kwa skrini za kisasa na sauti zikasafishwa. Namna mchezo unavyochezwa iliachwa kama ilivyokuwa, kwa makusudi. Mutalisk 11 na Overlord mmoja bado ni kitu kimoja. Anayepanda kilima bado anapewa namba 136 kati ya 256. Na kibarua aliyezungukwa, akibofyiwa madini ya mbali, anainamisha kichwa na kupita katikati ya askari ambao sasa unaweza kuhesabu vifungo vya mavazi yao.